Kutoka jukwaani hadi utiifu: Jinsi msanii anavyonaswa na kundi la 'kujiendeleza'

JUBA – Tarehe 30 Juni 2021, mwigizaji wa Marekani Allison Mack alisimama mbele ya jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Brooklyn, New York, akahukumiwa kifungo cha miaka 3 jela. Mamilioni ya watazamaji walimjua kwa sura: kwa miaka 10, kuanzia 2001 hadi 2011, aliigiza katika tamthilia ya televisheni ya Smallville kama Chloe Sullivan, msichana mwerevu anayewasaidia wenzake na asiyevumilia uongo.

Kosa lake halikuwa wizi wala ulevi. Alikuwa amekiri kushiriki katika mtandao wa uhalifu uliojificha ndani ya kampuni ya mafunzo ya kujitambua iliyoitwa NXIVM. Ndani ya kampuni hiyo kulikuwa na kikundi cha siri cha wanawake. Baadhi yao walishinda na njaa kwa amri, walikabidhi picha zao za utupu kama dhamana, na wakapigwa chapa ya moto mwilini, kama apigwavyo ng'ombe.

Mwigizaji huyo aliingia humo kwa hiari, akitafuta kuwa msanii bora. Simulizi yake inahusu mji wa Juba kwa namna ambayo huenda isionekane mara moja. Katika mji ambao vijana wengi hutafuta njia ya kupona majeraha ya vita na kujijengea jina kwa wimbo, ngoma au maigizo, mwaliko wa semina ya kujiendeleza ni habari njema. Mara nyingi huwa njema kweli. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitambua ile isiyo njema, na kwa nini wasanii huwa miongoni mwa wanaolengwa.

Kundi la udhibiti mkali ni nini?

Neno dhehebu humfanya msikilizaji wa Afrika Mashariki afikirie mara moja dini. Si ajabu. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini wa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda. Mwezi Aprili 2023, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na idadi ya miili iliyopatikana ikapita 400. Waumini wa mhubiri Paul Nthenge Mackenzie walikuwa wamehimizwa kufunga kula ili wakutane na Yesu. Mackenzie amekanusha mashtaka dhidi yake.

Lakini wataalamu wa nadharia ya udhibiti wa fikra hawaangalii kwanza kundi linaamini nini. Wanaangalia linawatendea nini watu wake. Robert Jay Lifton, daktari wa akili wa Marekani aliyewahoji watu waliopitia kampeni za kubadilisha fikra nchini China, alichapisha mwaka 1961 kitabu kilichotaja alama 8 za mazingira ya aina hiyo. Miongoni mwazo ni kudhibiti habari na mawasiliano, kudai usafi wa nafsi usiofikika, kulazimisha maungamo, kubuni lugha ya ndani inayofupisha fikra, na kuyaweka mafundisho juu ya uzoefu wa mtu mwenyewe.

Alama hizo zinaweza kuonekana kanisani, katika chama cha siasa, katika jeshi la waasi, au katika ukumbi wa hoteli wenye viti vya plastiki, ubao mweupe na mhamasishaji aliyevaa suti. Mungu si lazima atajwe.

Wakaazi wa Juba wana kumbukumbu ya aina nyingine ya udhibiti. Mwaka 2006, mji huu ulikuwa mwenyeji wa mazungumzo ya amani kati ya serikali ya Uganda na kundi la Lord's Resistance Army la Joseph Kony, yakisimamiwa na Riek Machar, aliyekuwa Makamu wa Rais wa serikali ya Sudan Kusini ya wakati huo. Mwaka 2008 Kony alikataa kutia saini makubaliano ya mwisho. Kundi lake liliwateka watoto kwa mtutu wa bunduki, kisha likawafunga kwa hofu, viapo na imani ya nguvu zisizoonekana.

Tofauti ya NXIVM ni mlango wa kuingilia. Hapa hakuna aliyetekwa. Watu walijaza fomu, wakalipa ada, wakaingia wakitabasamu. Ndiyo maana ni vigumu zaidi kulitambua kundi la namna hii, na vigumu zaidi kwa aliyenaswa kukubali kwamba amenaswa.

NXIVM ilikuwa nini?

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1998 karibu na Albany, mji mkuu wa jimbo la New York, na Keith Raniere akishirikiana na muuguzi Nancy Salzman. Kabla yake, Raniere alikuwa na kampuni ya ununuzi wa bidhaa kwa punguzo, ambayo mamlaka za majimbo kadhaa ziliituhumu kuwa upatu: wanachama walipata faida kwa kuleta wanachama wapya zaidi kuliko kwa kuuza chochote.

Bidhaa kuu ya NXIVM ilikuwa mafunzo ya Executive Success Programs, yaliyouzwa kwa maelfu ya dola kwa wafanyabiashara, wanafunzi na wasanii. Zaidi ya watu 16,000 wanakadiriwa kuyapitia, hasa Marekani, Canada na Mexico. Wengi walihudhuria semina moja ya siku 5, wakarudi makwao na maisha yakaendelea. Baadhi wanasema hadi leo kwamba walifaidika.

Hilo ni jambo la kuzingatia. Kundi la aina hii halimtoi kila mtu damu. Safu ya nje huwa na mafunzo ya kawaida, tena yenye manufaa, na wahitimu wake huwa mashahidi wazuri mbele ya umma. Udhibiti huongezeka kadiri mtu anavyosogea ndani.

Ndani kulikuwa na ngazi zilizoonyeshwa kwa rangi za skafu zilizovaliwa shingoni. Wanafunzi waliinama na kupeana mikono kwa namna maalumu. Raniere aliitwa Vanguard, yaani aliye mbele ya wengine, na Salzman aliitwa Prefect. Kila Agosti, wafuasi walikusanyika kwa siku kadhaa kando ya ziwa kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Raniere. Wanafunzi waliahidi kutotoa siri za mafunzo.

Fedha hazikuwa shida. Dada wawili, Clare na Sara Bronfman, warithi wa utajiri wa kampuni ya vileo ya Seagram, walitumia mamilioni ya dola kulisaidia kundi hilo. Baba yao, Edgar Bronfman, aliwahi kujiunga na mafunzo, lakini mwaka 2003 aliliambia jarida la Forbes kwamba anaamini hilo ni kundi la kuwateka watu akili. Onyo lilikuwapo hadharani miaka 3 kabla ya Allison Mack kuingia mlangoni.

Kwa nini wasanii?

Mack alianza kuigiza tangu utotoni. Mwaka 2006, akiwa bado katika miaka yake ya ishirini, alihudhuria semina ya wanawake mjini Vancouver, Canada, mji ambako Smallville ilirekodiwa. Alikuwa na kazi, fedha na sifa. Alichokitafuta ni kile ambacho wasanii wengi hukitafuta wakiwa peke yao usiku: uhakika kwamba kipaji chake ni cha kweli na kwamba maisha yake yana maana nje ya kamera.

Mwigizaji mwingine, Sarah Edmondson wa Canada, alikuwa ameingia mwaka mmoja kabla. Alikutana na mwongozaji filamu Mark Vicente, mzaliwa wa Johannesburg, katika tamasha la filamu lililofanyika ndani ya meli, naye akamsimulia juu ya mafunzo hayo. Edmondson alisaidia kuanzisha kituo cha Vancouver, na kupitia kwake watu wengi waliingia, wakiwamo waigizaji wenzake.

Kuna sababu zinazoifanya kazi ya sanaa iwe udongo mzuri kwa mbegu hiyo.

Kwanza ni kipato kisicho na uhakika. Mwigizaji huhudhuria usaili kumi akakataliwa tisa, na mara nyingi haambiwi kwa nini. Anayemjia na kusema "tatizo lako ni hofu iliyo ndani yako, na mimi ninajua inavyotolewa" anampa kitu ambacho soko la kazi halijawahi kumpa: maelezo.

Pili ni mafunzo yenyewe ya sanaa. Msanii mzuri hufundishwa kumwamini mwongozaji, kupokea lawama bila kununa, kufungua jeraha lake mbele ya watu na kulitumia. Sifa hizo ni njema jukwaani, kwa sababu mazoezi yana mwisho na pazia hushuka. Mikononi mwa mtu asiyetaka pazia lishuke, sifa hizo hizo hugeuka kamba.

Tatu ni sura yake. Msanii anayejulikana ni tangazo linalotembea. Akisema semina fulani imembadilisha, mashabiki wake hawatauliza cheti cha mkufunzi. Kundi linampata mwanachama mmoja, na pamoja naye linapata kipaza sauti.

Mwimbaji au mpiga gitaa hayuko salama zaidi. Mwaka 1971, Jeremy Spencer, mpiga gitaa wa bendi ya Uingereza ya Fleetwood Mac, alitoka hotelini mjini Los Angeles wakati wa ziara ya muziki na hakurudi kwa wenzake. Siku kadhaa baadaye alipatikana akiwa amejiunga na kundi la Children of God. Hakurejea kwenye bendi.

Hatua kwa hatua

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Msemo huo hutumika kuhimiza akiba, lakini unaeleza pia namna utashi wa mtu unavyochotwa. Hakuna mtu aliyeambiwa siku ya kwanza kwamba siku moja atapigwa chapa.

Hatua ya kwanza ni ukarimu. Mgeni hupokelewa kwa upendo mwingi, husikilizwa, husifiwa. Kwa mtu aliyezoea kukataliwa, siku tatu za namna hiyo huacha alama.

Hatua ya pili ni maungamo. Katika NXIVM kulikuwa na zoezi la ana kwa ana la kuchimba chanzo cha hofu za mshiriki. Wengi walitoka humo wakijihisi wepesi. Lakini mshiriki alikuwa amemwachia mkufunzi ramani ya udhaifu wake.

Hatua ya tatu ni lugha. Maneno ya kawaida hupewa maana mpya, na aliye nje huwa haelewi. Mkosoaji haitwi tena rafiki mwenye wasiwasi. Hupewa jina la mtu anayezuia mema duniani. Baada ya hapo, onyo la mama au la mume halisikiki kama onyo. Linasikika kama dalili ya ugonjwa wa anayelitoa.

Hatua ya nne ni deni. Ada ya kozi moja hufuatwa na ada ya nyingine, na asiye na fedha hulipa kwa kazi. Anayetaka kupanda ngazi hana budi kuleta watu. Kila aliyemleta ndugu yake au rafiki yake amejifunga kamba ya pili, kwani kukiri kosa lake ni kukiri kwamba amemponza mwenzake.

Hatua ya tano ni kuhamia. Smallville ilipomalizika mwaka 2011, Mack alihamia karibu na Albany, jirani na Raniere. Alishirikiana naye kutayarisha The Source, mafunzo maalumu kwa waigizaji. Sanaa yake, iliyokuwa sababu ya kuingia, sasa ilikuwa chambo cha kuwaleta wenzake.

Katika kila hatua, kilichoombwa kilikuwa kikubwa kidogo tu kuliko kilichokwisha kutolewa. Kukataa hatua ya tano kungekuwa kukana hatua nne zilizotangulia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndivyo tulivyofundishwa, na mkufunzi mwovu anaujua msemo huo vizuri. Hasemi tu ni umbali gani mtu atainama.

Kikundi ndani ya kikundi

Kiini cha mambo kilikuwa jumuiya ya siri iliyoanzishwa mwaka 2015 na kujulikana kwa kifupi kama DOS. Wanawake waliokaribishwa waliambiwa ni udugu wa kujijengea ujasiri na nidhamu, usiohusiana na mwanamume yeyote. Kila mmoja alikuwa na "bwana" wa kike aliyemwita yeye "mtumwa", naye alitarajiwa kuwatafuta watumwa wake. Upatu ule wa zamani ulikuwa umerudi, safari hii bidhaa ikiwa ni binadamu.

Ili kuambiwa siri, mwanamke alitakiwa kwanza kutoa dhamana: picha za utupu, barua za kuisingizia familia yake mambo ya aibu, au hati za mali. Baada ya kuingia, dhamana iliongezwa kila mara. Wanawake walitakiwa kujibu ujumbe wa simu ndani ya sekunde chache usiku na mchana, waliomba ruhusa ya kula, na baadhi yao waliishi kwa chakula kidogo mno kwa siku.

Mwaka 2017, Edmondson alifungwa kitambaa machoni, akapelekwa katika nyumba karibu na Albany na kupigwa chapa karibu na nyonga kwa kifaa cha kuchomea cha kitabibu, bila ganzi. Waliambiwa alama hiyo inawakilisha nguvu za asili. Baadaye ilibainika kwamba ndani yake zimo herufi za jina la Keith Raniere. Yeye ndiye aliyekuwa juu ya piramidi yote.

Mack alikuwa miongoni mwa mabwana wa safu ya kwanza chini ya Raniere. Alipokiri makosa mwezi Aprili 2019, alikubali kwamba alitumia dhamana kuwatisha wanawake ili wamfanyie kazi.

Nani aliyelivunja kundi?

Dalili za kwanza hazikuonwa na polisi. Mwaka 2009, wanawake 9 waliokuwa karibu na uongozi walijitoa kwa pamoja. Baadhi yao waliandamwa na kesi mahakamani kwa miaka. Mwaka 2012, gazeti la Times Union la Albany lilichapisha mfululizo wa taarifa za uchunguzi juu ya Raniere. Kundi liliendelea.

Mapema mwaka 2017, mwigizaji na mwimbaji wa Australia Bonnie Piesse, mke wa Mark Vicente, alijitoa baada ya kuona wanawake wenzake wakikonda na kunyamaza. Vicente alimfuata, kisha Edmondson na mumewe. Walipopeleka malalamiko kwa mamlaka za jimbo, hazikuchukua hatua. Hoja ilikuwa kwamba wanawake hao waliridhia. Tarehe 17 Oktoba 2017, gazeti la New York Times lilichapisha taarifa ya mwandishi Barry Meier, na Edmondson akakubali kovu lake lipigwe picha. Ndipo waendesha mashtaka wa shirikisho walipoanza kazi.

Raniere alikamatwa nchini Mexico mwezi Machi 2018. Katika kesi ya majuma 6, mahakama ilisikia pia habari za mwanamke kutoka Mexico aliyefungiwa chumbani kwa karibu miaka 2 kwa kumpenda mwanamume mwingine. Tarehe 19 Juni 2019, baraza la wazee wa mahakama lilimtia Raniere hatiani kwa mashtaka yote, yakiwamo usafirishaji wa binadamu kwa ajili ya ngono na njama ya kazi ya kulazimishwa. Tarehe 27 Oktoba 2020, Jaji Nicholas Garaufis alimhukumu kifungo cha miaka 120. Clare Bronfman alipata miaka 6 na miezi 9, na Nancy Salzman miaka 3 na nusu.

Mack aliwapa waendesha mashtaka ushahidi, ukiwamo mkanda wa sauti ambamo Raniere alieleza namna sherehe ya chapa inavyopaswa kufanywa. Hilo lilimpunguzia adhabu. Katika barua kwa mahakama aliwaomba radhi wote aliowadhuru. Aliachiliwa mwezi Julai 2023.

Je, alikuwa mwathirika au mkosaji? Mahakama ilikubali kwamba alikuwa vyote viwili. Jibu hilo haliwaridhishi wengi, lakini ndilo linaloeleza makundi haya yanavyodumu: kila aliyekandamizwa hupewa mtu wa kumkandamiza.

Juba ina nini cha kujifunza?

Juba ina jadi ya sanaa inayostahili kulindwa. Mwaka 2012, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, Kampuni ya Maigizo ya Sudan Kusini iliigiza Cymbeline ya Shakespeare kwa Kiarabu cha Juba katika jukwaa la Globe mjini London. Mwaka 2016, nchi ikiwa vitani, wasanii waliunda vuguvugu la Ana Taban, maana yake "nimechoka", wakitumia maigizo ya mitaani, muziki na michoro ya ukutani kudai amani. Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron kimewapokea wanamuziki, wachekeshaji na waigizaji wa vizazi kadhaa.

Msanii wa mji huu hubeba mzigo ambao mwenzake wa Vancouver hakuubeba. Wengi wamekulia kambini Kakuma au kaskazini mwa Uganda. Wengine wamezika ndugu katika vita vilivyoanza Desemba 2013 na kulipuka tena Julai 2016. Hitaji la kupona ni la kweli, na wataalamu wa afya ya akili ni wachache mno kulinganisha na majeraha. Warsha za uponyaji, uongozi na ujasiriamali zimejaza pengo hilo, na nyingi zimewasaidia watu. Lakini penye hitaji kubwa na usimamizi mdogo, anayekuja na ahadi kubwa hakosi wateja.

Mtandao umeongeza kasi. Mackenzie wa Shakahola hakutegemea mimbari pekee. Mahubiri yake yalisambaa kwa televisheni na video za intaneti. Kundi la simu linaweza kumfikia mwimbaji wa Juba kutoka nchi yoyote, likamtaka atume picha kama "uthibitisho wa dhati" kabla hajakutana na mtu hata mmoja ana kwa ana.

Dalili za kuangalia

Semina ngumu si lazima iwe mbaya. Kocha wa ngoma hukemea. Mwongozaji huwachosha waigizaji wake. Kinachotenganisha nidhamu na utumwa ni mambo machache yanayoweza kupimwa.

• Gharama na mwisho. Mafunzo halali hutaja bei yote na siku ya kumaliza. Penye mtego, kila kozi hufungua mlango wa nyingine iliyo ghali zaidi, au mafunzo hulipwa kwa kuleta watu.

• Kiongozi asiyekosolewa. Uliza ni lini mara ya mwisho kiongozi alikubali kosa mbele ya wanafunzi. Penye udhibiti, kasoro zote ni za mwanafunzi.

• Siri. Mkufunzi wa kweli hutunza siri za mwanafunzi. Kundi la udhibiti humtaka mwanafunzi atunze siri za kundi, hata kwa mwenzi wake wa ndoa.

• Dhamana. Hakuna somo la ujasiri linalohitaji picha ya utupu, barua ya kukiri uovu, hati ya kusafiria au namba ya siri ya simu. Anayeomba vitu hivyo anaandaa vitisho.

• Mwili. Kunyimwa usingizi na chakula hudhoofisha uwezo wa kuamua. Maamuzi makubwa yasifanywe katika hali hiyo.

• Mlango wa kutokea. Chunguza waliojitoa wanazungumzwaje. Wakitajwa kama wasaliti, wagonjwa au maadui, nawe utatajwa hivyo siku ukiondoka.

Kisheria, neno "aliridhia" si kinga kamili. Katika kesi ya Raniere, ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu na vitisho haikuwazuia wazee wa mahakama kumtia hatiani. Sheria ya Adhabu ya Sudan Kusini ya mwaka 2008 nayo inaharamisha kumlazimisha mtu kufanya kazi kinyume cha matakwa yake.

Ukimwona ndugu anazama

Catherine Oxenberg, mwigizaji aliyejulikana kwa tamthilia ya Dynasty, mwaka 2011 alimpeleka binti yake India kwenye mkutano wa kwanza wa NXIVM kwa mkono wake mwenyewe, akidhani anamsaidia kuanza biashara. Miaka 6 baadaye aligundua kwamba binti huyo amepigwa chapa. Alijaribu kumkabili, na India akazidi kulitetea kundi. Mama alikwenda kwa vyombo vya habari na kwa waendesha mashtaka, huku akimwachia binti mlango wazi. India alijitoa mwaka 2018, baada ya viongozi kukamatwa.

Wanaowasaidia waathirika hushauri mambo yanayofanana na aliyojifunza mama huyo. Usimcheke aliyenaswa wala usimwite mjinga. Aibu humrudisha kwa wanaomsifu. Usimtake achague kati yako na kundi, kwa kuwa kundi limekwisha kumwandaa kwa siku hiyo. Endelea kumwita kwenye harusi, matanga na mlo wa Jumapili. Muulize maswali badala ya kumhutubia: unalala saa ngapi, nani analipa, nini kitatokea ukisema hapana? Tunza ujumbe, risiti na tarehe. Kama kuna picha zinazotumiwa kumtisha, mweleze kwamba kosa ni la anayetisha, na mtafute mwanasheria au shirika la haki za binadamu mnaloliamini.

Na kwa msanii aliyealikwa wiki hii kwenye mafunzo asiyoyajua vizuri, hatua ya kwanza haigharimu kitu. Omba bei yote kwa maandishi, omba kuzungumza na mtu aliyeacha mafunzo hayo, kisha sema kwamba unahitaji siku 7 za kushauriana na familia. Mkufunzi mwema atakusubiri. Asiyeweza kusubiri siku hizo 7 amekwisha kukuonyesha jinsi atakavyoshughulika na miaka yako.